Mwongozo kamili wa kusoma riwaya ya safari za anga na klabu yenu, ile ambayo watu wa chomboni ndio hadithi yenyewe

Kuna aina ya riwaya za anga ambayo ukimuuliza mtu aliyeimaliza "kwani mle ndani kunatokea nini?" anakaa kimya kwanza, alafu anaanza kukusimulia rubani yukoje, fundi mitambo anaogopa nini na kwa nini nahodha hafungui ujumbe wa mama yake. Chombo kinatoka huku kinaenda kule, basi, ploti ndo hiyo. Kingine chote ni watu wanaoishi humo ndani. Mimi hizi ndo nazipenda kuliko zote na naamini hakuna vitabu vinavyonoga kusomwa kwa kundi kama hivi, ila havisomwi kama riwaya ya vita au ya upelelezi. Klabu ikikaa kusubiri mlipuko, ikifika sura ya nne watu wameshachoka na mtu anaandika kwenye grupu "jamani hiki kitabu kinaanza lini?" Klabu ikikaa kufuatilia watu, kitabu kilishaanza ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinatoka kwenye jambo moja tu, fuateni watu, chombo kitawafuata chenyewe.

Hatua ya 1: chagueni kitabu kwa kuangalia watu waliomo

Anayependekeza kitabu asilete picha ya jalada na yale maneno ya nyuma tu. Asome kurasa kama 20 za mwanzo kwanza, maduka mengi ya vitabu mtandaoni yanatoa kipande cha bure cha kuonja, na ajiulize maswali mawili. Mpaka hapa nimeshawajua watu wangapi? Na nikifunika majina kwa kidole, naweza kujua nani anaongea? Hilo la pili ndo kubwa zaidi. Kitabu ambacho watu wake wote wanaongea sauti moja kitawachosha hata kama kina sayari 40 na vita vitatu. Angalia pia kama watu wanaongelea mambo yasiyo ya hatari, mtu analalamikia zamu ya usiku, wawili wanagombana joto la chumba liwe ngapi, mwingine anaficha barua. Ukiyakuta hayo mapema ujue umepata chenyewe.

Kama hamjui pa kuanzia, The Long Way to a Small, Angry Planet ya Becky Chambers ni mfano mzuri sana wa aina hii. Ilitoka mwaka 2014, mwandishi alijichapishia mwenyewe baada ya kuchangiwa hela mtandaoni, ndo baadae kampuni kubwa ikaichukua. Ni kurasa 400 na kitu, chombo kazi yake ni kutoboa njia za mkato angani, na ndani wamechanganyika binadamu na viumbe wa aina nyingine wakiishi pamoja. Mkitaka fupi ipo Binti ya Nnedi Okorafor ya mwaka 2015, haifiki hata kurasa 100, msichana wa Kihimba, kabila la huko Namibia, anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Na ipo All Systems Red ya Martha Wells ya mwaka 2017, kurasa 150 hivi, anayesimulia ni mlinzi nusu mashine nusu nyama ambaye anachotaka maishani ni aachwe aangalie tamthilia zake. Hizo mbili fupi zote zilibeba tuzo za Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, upande wa riwaya fupi.

Klabu changa ianze na fupi. Sisemi hivi kwa sababu ndefu ni ngumu, hapana, ni kwamba klabu ikimaliza kitabu cha kwanza pamoja, wote, inapata nguvu ya kusoma kingine, na ikiachia njiani cha kwanza huwaga hairudi tena.

Kitu kingine cha kuangalia ni nani anasimulia. Kuna riwaya zinazohama, sura hii uko na rubani, sura ijayo uko na daktari, na kuna zile za mtu mmoja anayesema "mimi" mwanzo mwisho. Zote zinafaa ila zinaendeshwa tofauti kidogo, ntaeleza kwenye hatua ya 3. Na kabla hamjapitisha, hakikisheni kila mtu anaweza kukipata, kiwe cha karatasi, cha kwenye simu au cha sauti. Kitabu kizuri ambacho nusu ya watu wamekikosa ni chanzo cha kikao cha watu watatu.

Hatua ya 2: gawanyeni kitabu, ila msikikate kama mkate

Piga hesabu ya kweli. Watu wazima wengi wakisoma kimya kwa lugha waliyoizoea wanaenda kama maneno 200 mpaka 250 kwa dakika. Riwaya ya kurasa 400 ina maneno kama 120,000. Kwa maneno 200 kwa dakika hapo ni saa 10. Anayesikiliza kitabu cha sauti anaenda taratibu zaidi, kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo mpe saa 13. Alafu ongeza robo kwa ajili ya majina mageni na kurudi nyuma kuangalia "huyu ni nani tena", maana riwaya za anga zina mambo hayo. Mkiweka wiki tano, ni kama saa mbili na nusu kwa wiki kwa msomaji wa kawaida. Hilo mtu mwenye kazi na watoto analiweza. Mkiweka wiki mbili mtapata watu waliopitishapitisha macho, na aina hii ya kitabu ukipitisha macho umekosa kila kitu, kwa sababu uhondo wenyewe umejificha kwenye sentensi ndogondogo.

Sasa wapi pa kukata. Wengi wanagawa kurasa sawasawa, 80, 80, 80, matokeo yake kikao kinaangukia katikati ya ugomvi na watu wanakuja na nusu ya habari. Mtu mmoja, anayeendesha, apitie kitabu mapema na atafute sehemu ambazo uhusiano fulani umebadilika, mgeni amekubaliwa, siri imetoka, mtu ameshuka chomboni. Kateni hapo. Kipande kimoja kikiwa kurasa 60 na kingine 110 hamna shida yoyote. Mpangaji huyo ndo mtu pekee atakayejua mambo mapema na lazima ajue kufunga mdomo.

Hatua ya 3: kila mtu awe mlezi wa mhusika mmoja

Hii ndo hatua ninayoomba msiiruke hata kama mtaruka zingine zote.

Baada ya kipande cha kwanza, mkishawajua watu wa chomboni, kila mwanaklabu anachukua mhusika mmoja na anakaa naye mpaka mwisho. Mlezi sio wakili, hatakiwi kumtetea, anatakiwa kumjua. Akisoma anasoma kitabu chote kama wengine lakini jicho moja liko kwa mtu wake. Anaandika vitu vinne, anataka nini, anaficha nini, anamtegemea nani, na anaongeaje. Hilo la mwisho watu wanalipuuza, ila ndo lina hazina. Noti ya mlezi mzuri inakuwa hivi, "uk. 41, amesema 'tutaona' mara ya tatu sasa, na kila akisema hivyo anaondoka chumbani bila kujibu". Mstari mmoja tu huo, ukiuleta kwenye kikao unaweza kuzaa mazungumzo ya nusu saa.

Wekeni namba ya ukurasa kila mara, na kwa wale wa vitabu vya sauti au vya simu, ambao kurasa zao hazilingani na za karatasi, waandike sura na maneno machache ya mwanzo wa aya ili wengine waipate.

Mkiwa wengi kuliko wahusika, wawili wachukue mmoja, na ni vizuri zaidi maana watamwona tofauti na hapo ndo utamu. Mkiwa wachache, waacheni wahusika wadogo, ila wawili wasikose mlezi. Wa kwanza ni kompyuta ya chombo, kama inaongea. Waandishi wengi wa aina hii wanaiandika kama mtu kamili, inaona kila chumba, inasikia kila neno, na mara nyingi inajua siri ya kila mmoja kabla ya wenzake, sasa klabu ikiichukulia kama redio ya ukutani inapoteza nusu ya kitabu. Wa pili ni asiyekuwepo. Karibu kila chombo kina mtu ambaye hayumo lakini wenzake bado wanamuwaza, mzazi aliyeachwa, rubani wa zamani aliyekufa, mwenza wa nahodha anayeonekana kwenye ujumbe tu. Mpeni mlezi na huyo, mtashangaa jinsi jina lake linavyorudi.

Kama kitabu kina msimulizi mmoja wa "mimi", basi walezi wa wengine wote wana kazi ya ziada, maana mtu wao wanamwona kwa macho ya msimulizi tu. Hapo swali la kuandika kila kipande ni, msimulizi amemwona mtu wangu vibaya wapi? Mara nyingi kuna sehemu ambapo mhusika anafanya jambo la wema na msimulizi anapita bila kuligundua, na mlezi akilikamata hilo anawasaidia wote.

Na msibadilishane katikati. Najua mtu atasema "mtu wangu hafanyi chochote, nataka yule mwingine". Mwambieni avumilie. Mhusika aliyenyamaza nusu ya kitabu kwenye riwaya za hivi hanyamazi bure.

Hatua ya 4: kurasa 50 za kwanza

Hapa ndo klabu nyingi zinapoteza watu. Mwandishi anakumwagia majina ya sayari, aina za viumbe, vyeo, mashine, na hakuelezi hata kimoja. Msomaji mpya anadhani amekosa kitu, anarudi nyuma, anarudi tena, anakata tamaa.

Waambieni watu mapema kabisa kwamba kutoelewa huko ni sehemu ya mpango. Mwandishi anakufanya uwe mgeni chomboni, na kwa kawaida kuna mhusika mgeni pia ambaye atauliza maswali yako kwa niaba yako ndani ya sura mbili tatu. Songa mbele. Neno ukilikuta mara moja liache, ukilikuta mara tatu liandike.

Mpangaji atengeneze karatasi moja tu, aipige picha aiweke kwenye grupu, na iwe na majina ya watu wa chomboni, kazi ya kila mmoja, ni kiumbe gani, na kitu kimoja cha kumkumbukia. Sio wasifu. "Anapaka mafuta mikono kila saa" inatosha kuliko aya nzima. Viumbe nao wapewe mstari mmoja mmoja. Matamshi msigombanie, kubalianeni namna moja ya kutamka majina magumu na mwendelee, anayesikiliza kitabu cha sauti ndo awe mwamuzi maana yeye ameshayasikia yakitamkwa.

Onyo moja ambalo ni la muhimu kweli, msitafute jina la mhusika mtandaoni. Kurasa za mashabiki zina tabia ya kuandika hatima ya mtu kwenye sentensi ya kwanza, na hata ile sehemu ya kutafutia inaweza kukumalizia neno "kifo" kabla hujamaliza kuandika jina. Mkiwa na swali, ulizeni kwenye grupu, mpangaji atajibu kinachoweza kujibiwa.

Hatua ya 5: sayansi kidogo, kwa ajili ya watu

Kila klabu ina mtu anayependa injini na kila klabu ina mtu anayesema "mimi mambo ya fizikia hapana". Wote wawili wanahudumiwa na dakika kumi za sayansi, mradi iwe sayansi inayowagusa wahusika.

Chukueni umbali. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde na hakuna ujumbe unaoweza kuupita. Kutoka duniani mpaka Mars ujumbe unachukua kama dakika 3 sayari zikiwa karibu, na mpaka dakika 22 zikiwa mbali, kwenda tu, bado kurudi. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, iko miaka ya mwanga 4.2, yaani mwanga wenyewe unachukua miaka 4.2 kufika huko. Sasa geuza hiyo iwe habari ya watu. Mama anamwandikia mwanae aliye chombo cha mbali "baba yako anaumwa", mwana anaipata miaka minne baadae, anajibu "anaendeleaje?" Ukishaona hivyo unaelewa kwa nini waandishi wengi wanatunga njia za mkato angani. Chombo cha Voyager 1 cha Wamarekani, kisicho na watu ndani, kilirushwa 1977 na kinaenda kama kilomita 17 kila sekunde, na kwa mwendo huo umbali wa kufika Proxima ungekichukua zaidi ya miaka 70,000. Bila njia ya mkato hakuna hadithi, au hadithi inakuwa ya vizazi. Kwa hiyo swali la kuuliza klabu sio "je inawezekana?" Ulizeni, mwandishi amechagua umbali gani kati ya watu hawa na kwao, na amewanyima nini kwa uchaguzi huo?

Alafu kuna suala la kufungiwa pamoja, na hapa maisha ya kweli yana mifano mizuri kuliko unavyofikiri. Kituo cha anga cha kimataifa kiko juu kama kilomita 400, kinazunguka dunia kila dakika 90 hivi, na kimekuwa na watu ndani bila kukatika tangu Novemba 2000. Mwanaanga Mrusi Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo kwenye Mir, kituo cha anga cha Warusi, kati ya 1994 na 1995. Na kuna jaribio la Mars-500 kule Moscow, wanaume sita walijifungia kwenye chombo cha kuigiza kisichotoka ardhini kabisa, siku 520, kuanzia Juni 2010 mpaka Novemba 2011, na mawasiliano yao na nje yalicheleweshwa makusudi kama vile wako njiani kwenda Mars. Lengo kubwa lilikuwa kuona binadamu atakuwaje, akili yake, usingizi wake, na ataishije na wenzake. Yaani wanasayansi nao waliuliza swali lile lile riwaya inalouliza. Mwambieni mpenda injini alete hiyo, mtaona mtu wa "fizikia hapana" anavyoinua kichwa.

Hatua ya 6: siku ya kikao

Saa moja na nusu inatosha. Anzeni kwa mtu mmoja kusoma kwa sauti kipande cha nusu ukurasa, sio muhtasari, kipande chenyewe. Muhtasari unawarudisha kwenye "kulitokea nini" na mkishaingia huko kutoka ni kazi. Sauti ya kitabu ikisikika chumbani, au kwenye simu kama mnakutana mtandaoni, hata aliyesoma wiki iliyopita inamrudia.

Mfano wa jinsi ya kukamua kipande, nakitunga hapa ili msiharibiwe kitabu chochote. Karani mpya ana siku ya tatu chomboni. Anaingia jikoni, wenzake wanne wapo, anafungua kabati na kuchukua kikombe cha bluu. Mazungumzo yanakatika. Fundi mitambo ananyanyuka, anamwambia "hicho kina ufa", anakichukua taratibu mkononi mwake na kumpa cha kijivu. Wanaendelea kuongea. Usiku karani anarudi, anakishika kile cha bluu kwenye taa, anakigeuza. Hakina ufa. Anakirudisha kabatini. Sura inaisha.

Klabu inayosubiri mlipuko itasema hapa hakuna kitu. Sasa pitieni na walezi. Mlezi wa fundi aulizwe, huyu kadanganya kwa faida ya nani, ya mgeni, ya mwenye kikombe, au yake mwenyewe? Angeweza kusema "hicho ni cha fulani", kwa nini jina hakulitaja? Mlezi wa nahodha aulizwe, nahodha alikuwepo jikoni? Kama alikuwepo, kwa nini aliyenyanyuka ni fundi? Mlezi wa karani, kwa nini alirudi usiku, na kwa nini alikirudisha kabatini badala ya kuuliza kesho yake? Na mlezi wa asiyekuwepo, huyu ambaye alikuwa hana cha kusema wiki zote, ndo leo siku yake, maana kikombe kina mwenyewe. Baada ya hapo mtu ataanza kuwinda kikombe kile kwenye sura zote zilizobaki, kitahamia wapi, nani atakinywea, na siku mgeni atakapopewa kikombe cha bluu bila mtu kusema neno, chumba chote kitajua kilichotokea bila kuelezwa.

Hivyo ndo vitabu hivi vinavyofanya kazi. Matukio makubwa yanavaa nguo ndogo.

Kwa hiyo maswali ya kikao yawe ya namna hiyo, yameshika kitu kimoja. "Mnamwonaje nahodha?" ni swali linalozaa "yuko vizuri" na kimya. "Kwa nini nahodha aliomba radhi kwa kompyuta lakini hakuomba kwa rubani?" linazaa kelele. Mpangaji aje na maswali matano ya hivyo, akitumia mawili ashukuru. Na akishauliza akae kimya, ahesabu moja mpaka kumi kichwani kabla ya kuokoa jahazi, kwa sababu watu wanafikiri na kimya cha sekunde nane sio kikao kibovu.

Swali moja tu naona linafaa kurudi kila kikao, nani kwenye kipande hiki ameongopa? Hata uongo mdogo wa adabu. Watu wanaoishi kwenye chuma kimoja hawawezi kuambiana ukweli wote kila siku, na mkifuatilia uongo mnafuatilia wanavyopendana na wanavyoogopana.

Hatua ya 7: viumbe wasio binadamu

Hapa kuna mtego wa kuwageuza kuwa mafumbo. Mtu anasema "hawa wenye magamba ni kabila fulani" na mazungumzo yanahamia kwenye siasa na kitabu kinafungwa. Simaanishi kwamba mwandishi hana la kusema kuhusu dunia yetu, analo, ila anzeni ndani ya kitabu kwanza. Mwili wa kiumbe huyu umembadilishaje anavyopenda, anavyolea, anavyoomboleza? Kama jamii yake hutaga mayai na kuyaacha yalelewe na wengine, neno "mama" kwake lina uzito gani, na binadamu wa chomboni anapomhukumu anatumia mizani ya nani? Kaeni hapo mpaka mshibe, ndo mje kwetu. Mkija kwetu mkitokea huko, mnakuja na macho mapya na hakuna anayejisikia amenyooshewa kidole.

Angalieni pia nani chomboni anatakiwa kujirekebisha. Viti vimetengenezwa kwa mwili gani, joto limewekwa kwa damu ya nani, lugha ya pamoja ni ya nani? Mwandishi makini anaweka haya kimyakimya kwenye maelezo ya samani, na mlezi wa kiumbe huyo ayakusanye.

Mambo yatakayowasumbua njiani

Aliyemaliza kitabu usiku wa kwanza. Yupo kila klabu, na anapenda kitabu, msimwonee. Mpeni kazi ya kurudia kipande cha wiki na kuleta kitu ambacho mtu hakioni akisoma mara ya kwanza, bila kusema kwa nini ni muhimu. Aweke tu, "angalieni nani alifunga mlango uk. 73". Anafurahi, na nyie mnapata jicho la ziada.

Ambaye hajasoma. Aje. Asikilize, na kama anakubali kuharibiwa uhondo akae, kama hakubali aje nusu saa ya kwanza inayohusu vipande vya nyuma. Kitu kibaya ni kumfanya aone aibu, maana atapotea kabisa. Mtu wake alelewe na jirani wiki hiyo.

Ambaye hakipendi kitabu. Huyu ni dhahabu ukimtumia vizuri. Asiachwe aishie kwenye "kinaboa". Aonyeshe ukurasa alipochokea. Mara nyingi atakuonyesha sehemu ambayo mwandishi kweli ameteleza, mhusika amesamehe haraka mno, ugomvi umeisha kwa hotuba, na vitabu hivi vya watu wema wanaopendana vina udhaifu huo, wakati mwingine kila mtu ni muelewa kupita kiasi mpaka hakuna anayeonekana kuwa na damu. Lijadilini waziwazi. Mimi ni shabiki mkubwa na bado nalisema.

Na grupu kati ya vikao, wekeni sheria moja, anayetaka kuongelea kipande aanze ujumbe na namba ya sura, aache mistari kadhaa mitupu, ndo aandike. Voisi nazo ataje sura sekunde ya kwanza.

Kikao cha mwisho

Kikao hiki kiwe kirefu kuliko vingine na msianze na "mmekionaje". Anzeni na walezi. Kila mmoja aseme mtu wake aliingia akitaka nini, akatoka na nini, na ni ukurasa gani hasa aligeuka. Lazima ataje ukurasa. Mtagundua wengine hawakugeuka kabisa, na hilo nalo ni jambo, kwa nini mwandishi alimwacha huyu alivyo wakati wenzake wote wamebadilika? Wale wawili wenye mhusika mmoja wakitaja kurasa tofauti, simamisheni kila kitu, fungueni kurasa zote mbili, someni kwa sauti. Hapo mtatumia muda mwingi kuliko mlivyopanga, na uacheni uende.

Baada ya walezi ndo mzungumzie mwisho wenyewe, kama chombo kilifika, kama ilikuwa na maana kifike. Alafu yule mlezi wa asiyekuwepo apewe neno la mwisho, maana amefuatilia kivuli kitabu kizima.

Swali la kama msome kitabu cha pili cha mfululizo, chunguzeni kwanza kama kinaendelea na watu wale wale. Mifululizo mingi ya aina hii inabadilisha chombo na watu, inabaki dunia ile ile tu, na klabu iliyowazoea watu wake inaweza kuumia sura ya kwanza. Kama watu ni wapya, pumzikeni na kitabu cha aina nyingine katikati. Kama ni wale wale, endeleeni moja kwa moja, ila badilishaneni watoto wa kulea.